Zahanati ya Kijiji Tanzania Bara: Karne Moja ya Kusaka Tiba Bora na Salama

Katika mfumo wa afya wa Tanzania Bara, zahanati ndiyo ngazi ya kwanza ya tiba, yaani mahali ambapo mgonjwa huonana na mtoa huduma aliyesomea kazi hiyo kabla ya kupewa rufaa kwenda kituo cha afya, hospitali ya wilaya au hospitali kubwa zaidi. Miongozo ya serikali huikadiria zahanati moja kuhudumia watu kati ya 6,000 na 10,000. Anayeiongoza huitwa mganga mfawidhi, na mara nyingi huyo huwa tabibu mwenye stashahada na si daktari mwenye shahada, naye husaidiwa na muuguzi mkunga na mhudumu wa afya. Kwa wanakijiji walio wengi, jengo hilo dogo lenye veranda ya kungojea, chumba cha kuonea wagonjwa, dirisha la dawa na chumba cha kujifungulia ndipo mahali ambapo huduma ya umma huwagusa mwilini, tangu chanjo ya kwanza ya mtoto hadi homa ya mzee. Karibu karne moja imetimia tangu vibanda vya kwanza vya aina hiyo vifunguliwe chini ya tawala za wenyeji za Tanganyika, na umri huo unastahili kukumbukwa kwa heshima na kwa ukweli.

Historia ya taasisi hiyo imezoeleka kuandikwa kama historia ya majengo: yamejengwa mangapi, wapi na kwa fedha za nani. Hesabu hizo ni za kweli na ni za kujivunia, lakini zinalificha swali ambalo kila mgonjwa hulijibu kwa uzoefu wake, nalo ni kile anachofanyiwa akishaingia ndani. Ubora wa huduma, kwa maana itumiwayo hapa, ni kiasi ambacho mgonjwa hupata uchunguzi na tiba inayolingana na maradhi yake kwa kadiri ya elimu ya tiba iliyopo. Usalama ni hakika kwamba tiba hiyohiyo haitamletea dhara jingine, kama vile sindano isiyotakaswa, dawa iliyokwisha muda wake au dozi ya mtu mzima kupewa mtoto. Ukiisoma karne hiyo kwa jicho la mgonjwa, jambo moja hujitokeza waziwazi: zahanati iliwafikia watu miaka mingi kabla ya yeyote kupima kinachotendeka ndani yake, na kila mara ilipoangaliwa kwa dhati, ilitengenea.

Kabla ya vibanda hivyo, tiba ya kisasa ilikuwa ya mijini na ya misheni. Wajerumani walikuwa wamejenga hospitali katika miji ya pwani, na mfanyabiashara Sewa Haji alikuwa ametoa fedha kwa ajili ya hospitali ya Dar es Salaam iliyobeba jina lake. Huko bara wamisionari walitibu vidonda na kung'oa meno kandokando ya makanisa yao. Mabadiliko yalikuja katika utawala wa Gavana Donald Cameron, aliyeiongoza Tanganyika kuanzia 1925 hadi 1931 na ambaye sheria yake ya mwaka 1926 ilizipa tawala za wenyeji mamlaka na hazina zake zenyewe. Hazina hizo ndizo zilizolipa mishahara ya madresa, vijana waliofundishwa katika hospitali za serikali namna ya kusafisha na kufunga vidonda, kupima dozi ya kwinini na kutambua ugonjwa unaowapita uwezo. Mkurugenzi wa idara ya tiba wa wakati huo, Daktari John Owen Shircore, aliuunga mkono mpango huo kama njia ya kuifikia nchi kubwa yenye madaktari wachache.

Wapo wakuu wa tiba wa enzi hizo walioupinga, wakidai kwamba mtu mwenye mafunzo ya miezi michache ni hatari zaidi ya kutokuwepo mtu kabisa, na kwamba ni afadhali wachache waliobobea kuliko wengi wasiokamilika. Ubishi huo haukuwa wa bure, kwa sababu ulikuwa na ukweli pande zote mbili. Mtu mwenye donda ndugu mguuni, anayekaa mwendo wa siku tatu kutoka hospitali, hakuwa na faida yoyote na daktari bingwa asiyeweza kumfikia. Lakini dresa aliyeachwa peke yake, bila mtu wa kumkagua isipokuwa mganga wa wilaya aliyepita kwa nadra, aliweza kurudia kosa moja kwa miaka mingi bila kulijua. Serikali ya kikoloni ilichagua ukaribu, na ilichagua vema, ila hilo la pili, la nani atamwangalia mwangaliaji wa wagonjwa, ililiacha bila jibu.

Jambo jingine lililopandwa katika miaka hiyo ni imani kubwa ya watu katika sindano. Ugonjwa wa buba, ambao hula ngozi na mifupa na ulioenea sana katika sehemu za joto na unyevu, ulitibika kwa sindano za dawa zenye bizmathi au aseniki, na vidonda vya miaka vilifunga ndani ya muda mfupi mbele ya macho ya kijiji kizima. Ushahidi wa namna hiyo hauhitaji mahubiri. Vizazi vilivyofuata vilirithi hakika kwamba tiba yenye nguvu ni ile inayochomwa, na mtoa huduma aliyempa mgonjwa vidonge vitupu alionekana kumnyima haki yake. Imani hiyo, iliyozaliwa na uponyaji wa kweli, ndiyo iliyokuja kuwa mojawapo ya mizigo mizito ya usalama katika zahanati.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, nchi ilikuwa na zahanati karibu 1,000 na vituo vya afya 22, na madaktari wazalendo walikuwa 12 tu. Chuo cha udaktari kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963, na mwaka uliofuata ilitoka ripoti ya jopo la wataalamu lililoongozwa na Richard Titmuss wa Uingereza, ikishauri kwamba fedha chache zilizopo zielekezwe kwenye kinga na vituo vya vijijini badala ya kumezwa na hospitali kubwa. Ushauri huo ulipata nguvu ya kisiasa baada ya Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari 1967, lililoifanya huduma ya vijijini kuwa kipimo cha uhalali wa serikali yenyewe. Katika miaka ya 1970, wakati wananchi walipokusanywa katika vijiji vya maendeleo, zahanati ilihesabiwa pamoja na shule na kisima kuwa alama ya kijiji kilichokamilika. Vijana waliomaliza elimu ya msingi walifunzwa kwa miaka mitatu kuwa waganga wasaidizi wa vijijini, nao waliomaliza sekondari wakawa matabibu. Mwaka 1973, Ali Hassan Mwinyi akiwa Waziri wa Afya, kampeni ya Mtu ni Afya ilitumia redio na vikundi vya kujisomea kuwafikia watu wapatao milioni mbili, ambao walichimba vyoo, walifyeka vichaka na kujifunza namna maradhi yanavyoambukizwa.

Aliyemfuata Mwinyi katika wizara hiyo alikuwa Daktari Leader Stirling, Mwingereza aliyefika kusini mwa nchi mwaka 1935, akatibu kwa miaka mingi katika hospitali za misheni za Lulindi na Mnero, kisha akawa raia na mbunge. Ni vigumu kupata mtu aliyeifahamu tiba ya kijijini kwa vitendo kuliko yeye. Katika kipindi chake, mwaka 1977, ilitungwa sheria iliyozuia tiba binafsi ya kibiashara, na mwaka 1978 Tanzania ilikwenda katika mkutano wa Alma-Ata, ambako dunia ilikubaliana juu ya huduma ya afya ya msingi, ikiwa tayari na mfano wake nyumbani. Kufikia mwisho wa muongo huo, zaidi ya asilimia 90 ya wananchi walikuwa wanaishi ndani ya kilomita 10 kutoka kituo cha tiba, na takriban asilimia 70 ndani ya kilomita tano. Zahanati zilizidi 2,500 na vituo vya afya vilivuka 200. Nchi maskini iliyotimiza hayo chini ya miaka 20 ilitenda jambo ambalo nchi nyingi tajiri kuliko hiyo hazikuwa zimelitenda, na hakuna upungufu utakaotajwa hapa chini unaoweza kulifuta.

Hata hivyo kipimo kilichotumika kilikuwa kilomita. Hapakuwa na takwimu ya taifa iliyoonyesha wagonjwa wangapi walipimwa joto, wangapi waliulizwa historia ya ugonjwa wao, wala sindano ngapi zilichemshwa ipasavyo, na uchumi ulipoyumba baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 na kupanda kwa bei ya mafuta duniani, majengo yalibaki yamesimama huku vilivyomo ndani vikipungua. Dawa zilikwisha. Mganga msaidizi aliyebaki na ujuzi wake bila dawa, bila mafuta ya taa ya jiko na bila sabuni alilazimika kuchagua kati ya kufunga dirisha na kufanya kazi kwa namna aliyojua kuwa haifai.

Jibu la upungufu wa dawa lilikuja mwaka 1983 na 1984 kwa Mpango wa Dawa Muhimu, uliofadhiliwa na Denmark kwa ushirikiano na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto. Kila zahanati ilipata kila mwezi boksi lililofungwa, lenye orodha moja ya dawa kwa nchi nzima, na watoa huduma walifundishwa kuzitumia kwa kufuata mwongozo wa tiba. Boksi hilo liliokoa maisha, liliwarudisha wagonjwa zahanati na lilipunguza wizi wa njiani. Lakini kwa kuwa lilikuwa sawa kwa mlimani na bondeni, sehemu zenye malaria nyingi zilimaliza klorokwini kabla mwezi haujafika katikati, na sehemu nyingine zilirundika dawa zisizohitajika hadi zikapita muda wake. Ilichukua miaka mingi kufika kwenye utaratibu ambapo zahanati yenyewe huagiza dawa kutoka Bohari ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, kulingana na matumizi yake.

Mwaka huohuo wa 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walitambuliwa mkoani Kagera, na sindano, iliyokuwa fahari ya zahanati, ikawa kitu cha kutiliwa shaka. Hadi wakati huo bomba la sindano lilikuwa la kioo au la plastiki ya kutumika mara nyingi, na lilitakaswa kwa kuchemshwa katika sufuria kwa dakika zisizopungua 20, jambo lililohitaji maji, mafuta ya taa, saa na uvumilivu wakati wagonjwa 60 wanangoja nje. Kila kimoja kati ya hivyo kilipokosekana, muda wa kuchemsha ulifupishwa, na virusi vya homa ya ini aina ya B, ambavyo havionekani kwa jicho na huchukua miaka kujidhihirisha, vilipata njia. Kinga ilijengwa hatua kwa hatua: kwanza vyungu vya mvuke vya kutakasia vifaa vilivyoletwa na mpango wa chanjo ulioanza nchini mwaka 1975, kisha sindano za kutumika mara moja, na baada ya tamko la pamoja la mashirika ya Umoja wa Mataifa la mwaka 1999, sindano za chanjo zinazojifunga zenyewe baada ya kutumika, ambazo haziwezi kuvutwa tena hata mtu akitaka. Boksi gumu la karatasi la kutupia vitu vyenye ncha kali, ndoo tatu za rangi tofauti za taka, kichomea taka na shimo la kondo la nyuma vilifuata, na vyote hivyo leo mtu huvipita pasipo kuvitazama. Huo ndio ushindi mkubwa wa kimyakimya wa zahanati, kwa sababu usalama ulihamishwa kutoka kwenye dhamiri ya mtu aliyechoka hadi kwenye chombo ambacho hakikubali kutumika vibaya.

Miaka ya 1990 ilifungua milango mingine. Tiba binafsi iliruhusiwa tena mwaka 1991, uchangiaji wa gharama ulianza mwaka 1993, na mwaka huohuo ukaja MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, uliozipa zahanati vitabu vikubwa vya kuorodhesha kila mgonjwa, kila mjamzito na kila chanjo. Wachunguzi nao walianza kuwauliza wananchi wenyewe. Lucy Gilson, Martin Alilio na Kris Heggenhougen, katika utafiti wa mkoa wa Morogoro uliochapishwa mwaka 1994, waliwakuta wanakijiji wakiithamini zahanati yao na papo hapo wakilalamikia ukosefu wa dawa na lugha mbaya ya baadhi ya watoa huduma. Mkoani Iringa, Kenneth Leonard, Gilbert Mliga na mwenzao walionyesha mwaka 2002 kwamba wagonjwa hawaendi tu kituo kilicho karibu. Walikipita kile cha jirani na kutembea mbali zaidi kufuata mahali penye mtaalamu mwenye ujuzi, uchunguzi wa makini na utoaji wa dawa wenye utaratibu. Matokeo hayo yalipaswa kuwatikisa wapangaji waliokuwa bado wanahesabu kilomita, kwa kuwa mwanakijiji asiyejua kusoma chati yoyote ya tiba alikuwa tayari anapima ubora kwa miguu yake.

Utafiti uliogusa kiini cha jambo hilo ulifanyika Arusha. Leonard, safari hii akiwa na Melkiory Masatu wa kituo cha kuendeleza elimu ya afya kilichopo mjini humo, alitaka kujua tofauti kati ya kile ambacho mtoa huduma anakijua na kile anachokitenda. Waliwahoji wagonjwa waliotoka chumbani kabla ya watafiti kuingia, ili wajue waliulizwa nini na walipimwa nini. Kisha watafiti wakaketi ndani na kuendelea kurekodi na kuwahoji wagonjwa waliofuata. Uchunguzi ulipanda ubora ghafla mara mgeni alipoketi: maswali yaliongezeka na vipimo vya mwili vilifanyika. Baada ya wagonjwa 10 hadi 15, mtoa huduma alipomzoea mgeni, ubora ulirudi ulikokuwa. Wataalamu huiita hali hiyo athari ya Hawthorne, kwa jina la kiwanda kilichokuwa karibu na Chicago ambako ilidhaniwa katika miaka ya 1920 na 1930 kwamba wafanyakazi hubadilika kwa sababu tu wanaangaliwa.

Funzo lake ni kubwa kuliko linavyoonekana. Tangu enzi za dresa, kila kasoro ya zahanati ilielezwa kuwa ni upungufu wa elimu, na dawa yake ikawa semina. Lakini watu walewale, kwa mshahara uleule, katika chumba kilekile na kwa elimu ileile, walitibu vizuri zaidi kwa saa chache kwa sababu mwenzao wa taaluma alikuwepo. Upungufu wa elimu ulikuwepo pia, bila shaka, na hakuna ajuaye kazi hii anayeweza kuukana. Ila sehemu kubwa ya pengo ilikuwa upweke: tabibu wa kijijini huweza kufanya kazi kwa miaka bila mtu yeyote mwenye ujuzi kumwona akimchunguza mtoto, na anayekuja kumkagua hufika na gari la halmashauri, hukagua rejista na choo, husaini kitabu cha wageni na kuondoka kabla ya jua kuzama.

Wakati huohuo homa ilikuwa inafunza jambo lilelile kwa njia nyingine. Kwa miongo mingi kila joto la mwili lilitibiwa kama malaria, jambo lililokuwa na busara pale ambapo klorokwini ilikuwa rahisi na ilifanya kazi. Vimelea viliizoea dawa hiyo, ikaachwa mwaka 2001, na iliyoshika nafasi yake nayo ikaachwa miaka michache baadaye kwa ajili ya dawa mseto. Mwaka 2004 Hugh Reyburn na wenzake waliandika kwamba katika hospitali za kaskazini mashariki mwa Tanzania, chini ya nusu ya wagonjwa waliotibiwa kwa malaria kali walikuwa na vimelea katika damu. Wengine walikuwa na maradhi mengine ambayo hayakutafutwa, na ambayo yaliua. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyokuwa hospitalini, zahanati isiyo na darubini haikuweza kuwa na hali bora. Kipimo cha haraka cha malaria, kinachohitaji tone la damu na dakika 15 tu, ndicho kilichoileta hakika hiyo hadi kijijini, na pamoja nacho wajibu mpya ulio mgumu kuliko ule wa zamani: kumweleza mama kwa nini mtoto wake mwenye homa hapewi dawa ya malaria, kisha kutafuta kwa bidii ni nini kinachomsumbua.

Kwa watoto, mwongozo wa kufanya hivyo ulikuwa umekwisha kuingizwa nchini tangu nusu ya pili ya miaka ya 1990. Mpango wa udhibiti wa magonjwa ya watoto kwa uwiano unamtaka mtoa huduma asikimbilie dalili moja, bali amtazame mtoto mzima, ahesabu pumzi zake kwa dakika, aangalie kama ananyonya, apime uzito na kukagua chanjo. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2004 ililinganisha wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini, zilizoufuata mpango huo, na wilaya jirani za Kilombero na Ulanga, ikakuta vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vikiwa pungufu kwa asilimia 13 katika zile za kwanza. Wilaya hizo mbili zilikuwa pia katika mradi ulioziwezesha kupanga matumizi yao kwa kufuata maradhi yaliyokuwa yakiua watu wao, na ulioziunganisha zahanati ndogo na kituo cha afya cha karibu kwa redio na ziara za mara kwa mara, hata tabibu wa kijijini akawa na mtu wa kumuuliza. Mojawapo ya mambo yaliyobadilika ni kwamba hapakuwa tena na zahanati iliyoachwa peke yake.

Mwaka 2007 taifa lilirudi kwenye hesabu ya majengo kwa Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, maarufu kama MMAM, uliolenga kuwa na zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata ndani ya miaka 10. Wananchi walijitolea kwa moyo mkubwa, wakafyatua matofali, wakasomba mawe na mchanga, wakanyanyua kuta. Mengi ya maboma hayo, kama yanavyoitwa majengo yaliyoishia kwenye kuta, yalingoja bati kwa miaka, na baadhi yaliyokamilika yalipata muuguzi mmoja asiye na msaidizi, anayezalisha usiku na kutoa dawa mchana. Nguvu ya mwanakijiji aliyebeba tofali ni amana, na kuifungulia zahanati ambayo haiwezi kumtibu kwa usalama ni kuikosea amana hiyo.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyokuwa mpya kweli. Kutokana na mpango wake wa Matokeo Makubwa Sasa, mwaka wa fedha 2015/16 serikali ilivipima vituo vya ngazi ya msingi nchi nzima, vya umma na vya binafsi, na kuvipa nyota kuanzia sifuri hadi tano. Wapimaji walikagua uongozi wa kituo, utendaji wa watumishi, kinga dhidi ya maambukizi, huduma za dharura na rufaa, namna malalamiko ya wateja yanavyoshughulikiwa, hali ya majengo na tiba yenyewe. Lengo lilikuwa asilimia 80 ya vituo vifikie nyota tatu au zaidi ifikapo 2018. Matokeo ya kwanza yalikuwa machungu: takriban theluthi moja ya vituo havikupata nyota hata moja, na vilivyofikia nyota tatu vilikuwa vichache mno. Serikali iliyokubali kujitazama hivyo hadharani ilionyesha ujasiri unaostahili kuandikwa katika historia hii kwa herufi nzito.

Kila kituo kiliachiwa mpango wa maboresho, na kuanzia 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa wafadhili zilianza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya zahanati, badala ya kusubiri idhini ya halmashauri kwa kila ndoo na kila balbu. Kamati ya usimamizi wa kituo, ambamo wawakilishi wa wanakijiji huketi pamoja na mganga mfawidhi, ikapata jambo halisi la kuamua. Katika upimaji wa pili wa 2017/18, vituo visivyo na nyota vilikuwa vimebaki sehemu ndogo sana, na vya nyota tatu vilikuwa vimeongezeka mara kadhaa, ingawa lengo la asilimia 80 lilikuwa bado mbali. Zahanati iliyowekewa kipimo, ikapewa fedha yake na kuahidiwa kwamba mpimaji atarudi, ilibadilika zaidi ndani ya miaka miwili kuliko ilivyobadilika kwa semina za miaka 20.

Nyota hizo nazo zina mipaka ambayo si haki kuinyamazia. Ni rahisi kuhesabu ndoo za taka, maji ya kunawia mikono na mwongozo uliobandikwa ukutani kuliko kupima kama mwongozo huo ulifuatwa asubuhi ya leo, na kituo kinaweza kupanda nyota huku uchunguzi wa mgonjwa ukibaki wa dakika mbili. Aidha, mgonjwa wa kijijini hubeba historia ya maradhi yake katika daftari la shule alilolinunua dukani, na daftari hilo likilowa au likipotea, mtoa huduma huanza upya, bila kujua mzio wa dawa wala matibabu yaliyotangulia. Mifumo ya kielektroniki imeanza kuingia katika ngazi ya msingi, lakini pale umeme na mtandao vinapokatika, daftari linabaki kuwa kumbukumbu ya mwisho.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa mwaka 2023, imeyafanya mambo haya kuwa ya haraka, kwa kuwa kadi ya bima humpa mwenye nayo haki ya kutibiwa, na haki hiyo haina thamani kubwa kuliko tiba inayopatikana upande wa pili wa dirisha. Mwananchi anayetakiwa kuchangia kabla hajaugua ana haki ya kujua zahanati yake ina nyota ngapi, ilipungukiwa nini na itarekebisha lini. Kila halmashauri na ihakikishe kwamba tabibu wa kila zahanati anatembelewa na mwenzake mwenye ujuzi, atakayeketi naye chumbani wakati wa kuona wagonjwa na si kukagua vitabu tu. Na kila kamati ya kituo ibandike matokeo ya upimaji kwenye ubao wa veranda, kwa Kiswahili kinachosomeka, na kuyasoma mbele ya mkutano mkuu wa kijiji.